MREJESHO: Visima vyangu vimerudi Kigamboni

Wakuu, mwezi uliopita niliomba msaada hapa. Nilikuwa nimechukua alama za visima 42 vya mtaani kwetu Kigamboni kwa simu, lakini nikivifungua kwenye QGIS, programu ya kuchora ramani kwenye kompyuta, vinatua magharibi mwa Hispania. Mlionijibu, asanteni sana.

Ilikuwa kama mlivyosema. Programu inataka X, yaani longitudo, mimi nikaipa latitudo. Kigamboni ni karibu -6.8 na 39.3, ukizigeuza unafika kweli karibu na mpaka wa Hispania na Ureno. Nilibadilisha safu mbili tu, vikarudi nyumbani.

Kilichonila wiki nzima ni mipaka ya viwanja niliyopewa na mpimaji mmoja. Ilikuwa imesogea takriban mita 300 kutoka kwenye picha ya setilaiti, nami nikawa naiburuta kwa mkono. Msifanye hivyo! Ilichorwa kwa Arc 1960, mfumo wa zamani wa kupimia mahali wa Afrika Mashariki, simu inatumia WGS 84, mfumo wa GPS wa dunia nzima. Nilipoipa mfumo wake halisi, ambao namba yake kwenye programu ni EPSG:21037, ikakaa mahali pake.

Umbali sasa napima kwa UTM kanda ya 37 kusini, mfumo wa ramani unaotumia mita badala ya digrii. Digrii moja ni kama kilomita 111, ndiyo maana duara langu la "500" kuzunguka kisima, nililodhani ni mita kumbe ni digrii, lilifunika dunia nzima.

Jana nimeona kaya za upande wa bondeni ziko mbali na kisima kuliko wote. Mama zetu kule wanabeba ndoo kila alfajiri. Jumamosi naipeleka ramani kwa mwenyekiti wa mtaa.