Mwanangu amekoseshwa kwa kuandika kuwa kwenda Tanga ni "safari"

Ndugu wanajamvi,

Ninaandika nikiwa na hasira, wala sioni haya kulisema hilo. Juzi jioni nilikagua daftari la binti yangu, anayesoma darasa la nne katika shule moja ya binafsi hapa Dar es Salaam, nikakuta ameulizwa maana ya "safari". Alijibu: "Ni kutoka mahali fulani kwenda mahali pengine, kwa mfano kwenda Tanga kwa basi." Amekoseshwa kwa wino mwekundu, na pembeni mwalimu ameandika jibu analolitambua yeye: kwenda mbugani kutazama wanyama.

Mbugani! Kwa hiyo bibi yake, aliyepanda basi Mbezi alfajiri na kapu lake mapajani, hakuwa safarini kwa kuwa hakukutana na twiga? Basi wenye safari ni abiria wa Iringa peke yao, ambao gari lao hukatiza Hifadhi ya Mikumi, nao safari yao huishia pale hifadhi inapoishia. Na marehemu tunayemsindikiza makaburini Kinondoni katika safari yake ya mwisho, yeye anakwenda kutazama simba?

Neno hili asili yake ni "safar" ya Kiarabu, yaani mwendo wa kutoka kwenu kwenda mbali, iwe kwa miguu, kwa gari au kwa chombo cha baharini. Wapagazi waliotembea miezi kadhaa kati ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji, pembe za ndovu zikiwa mabegani, walikuwa safarini, na kundi lao tukaliita msafara. Wazungu waliofuatana na misafara hiyo katika karne ya 19 ndio waliolichukua neno wakalipeleka kwao, kisha wawindaji wakalibana, hasa baada ya Theodore Roosevelt, alipotoka tu katika urais wa Marekani mwaka 1909, kushukia Mombasa na kuzunguka Afrika Mashariki na bunduki kwa miezi mingi. Baadaye kamera ikashika nafasi ya bunduki.

Waingereza siwalaumu, kwani neno la kuazima huvaa nguo za mwenyeji wake. Sisi wenyewe tumeichukua "hoteli" tukampa hata mama anayeuza wali maharage kibandani. Ninachokikataa ni maana hiyo ya ugenini kurudishwa nyumbani, ikakalia kiti, na mwenye nyumba akaambiwa amekosea.

Nilipokwenda kuuliza, mwalimu alinijibu, kwa upole kabisa, kwamba ndivyo kitabu kinavyosema. Kitabu chenyewe ni cha Kiingereza! Swali lilikuwa la somo la Kiswahili.

Safari hii sinyamazi. Jumatatu ninarudi pale nikiwa na Kamusi ya Kiswahili Sanifu kwapani, na ile alama moja nitaidai mbele ya mwalimu mkuu.