Tupeane uzoefu: kuipeleka familia kuona wanyama Lang'ata, Nairobi

Mwanzisha mada

Ndugu wanachama, likizo ya Agosti imekaribia, na jamaa wengi wameniuliza namna ya kupanga siku moja ya kuwapeleka watoto kuona wanyama jijini Nairobi bila gharama ya kukodi gari la mbugani. Ninazungumzia hasa sehemu mbili zilizo kando ya makao makuu ya KWS, shirika la serikali la wanyamapori, kwenye barabara ya Lang'ata: Animal Orphanage, ambayo ni makao ya wanyama mayatima yaliyokuwapo tangu miaka ya 1960, na Safari Walk, njia ya mbao iliyoinuliwa juu ya ardhi na kupitishwa katika mandhari ya msitu, nyika na maji. Zote mbili hutembelewa kwa miguu, na kwa familia yenye watoto wadogo huo ndio ubora wake.

Nianze na msimamo wangu. Familia nyingi hutaka kumaliza kila kitu kwa siku moja: tembo wachanga wa kituo cha Sheldrick, twiga wa Giraffe Centre, kisha simba wa Orphanage. Mpango huo huwachosha watoto wakiwa bado njiani. Sheldrick hupokea wageni wa kawaida kwa saa moja tu, kuanzia saa tano hadi saa sita mchana, na ni lazima uwe umeagiza nafasi mapema, kwa hiyo ukishaiweka kwenye ratiba, asubuhi yako yote imekwisha. Nashauri mchague Safari Walk na Orphanage peke yake, mfike lango linapofunguliwa, na mwende kwa mwendo wa mtoto mdogo kuliko wote. Simba anaweza kulala kati ya saa 16 na 20 kwa siku. Anayepita mbele yake kwa haraka huona mgongo tu, lakini anayeketi kwenye kivuli na kungoja huenda akamwona akiamka, akijinyoosha na kupiga miayo, na hapo ndipo mtoto anapoelewa ukubwa wa mnyama huyo. Ukifika, muulize mlinzi saa ya kuwalisha wanyama, kisha upange siku yako kuizunguka saa hiyo.

Waliowahi kwenda, tafadhali tuelezeni mliyoyaona.

Mama Pacha, Donholm

Ahsante kwa mada hii. Mimi nitazungumzia malipo na chakula, kwa kuwa ndiyo mambo yanayoichelewesha familia langoni. KWS haipokei fedha taslimu. Malipo hufanywa kupitia eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, nami huyamaliza nikiwa nyumbani usiku wa kuamkia safari, kisha nikaihifadhi risiti kwenye simu. Kila mtu mzima abebe kitambulisho chake, kwa sababu viwango vya raia, mkaazi na mgeni vinatofautiana sana. Viwango hivyo hurekebishwa, kwa hiyo msitegemee kile alicholipa jirani mwaka uliopita.

Kuhusu chakula, kumbukeni kwamba tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumiwa mara moja zimepigwa marufuku katika maeneo ya hifadhi nchini Kenya: chupa za maji za dukani, vikombe, sahani, vijiko na mirija. Kwangu sharti hilo limekuwa heri, kwani limenirudisha kwenye vyombo vya nyumbani. Chapati nazifunga kwa kitambaa, mayai ya kuchemsha na viazi huingia kwenye bakuli lenye kifuniko, na maji tunayabeba katika chupa za chuma, vyote ndani ya kiondo kimoja. Tunakula kabla ya kuanza kutembea, si katikati ya matembezi, kwa sababu tumbili wa pale hawakawii kumnyang'anya mtoto anayetembea na chakula mkononi. Waelezeni watoto mapema kwamba hawaruhusiwi kuwapa tumbili hata ganda la ndizi: tumbili anayezoea kulishwa hupoteza woga, huanza kuuma, na mwishowe anayeadhibiwa ni yeye.

Jambo la mwisho ni sweta. Asubuhi za Julai na Agosti Nairobi huwa na baridi na mawingu hadi karibu saa sita, na mtoto anayetetemeka hana haja na chui.

Babu wa Kikuyu

Mama Pacha ameyamaliza ya chakula, nami nashukuru. Mimi nitaongeza jambo ambalo wazazi hawalipangi, nalo ni maswali ya watoto.

Nilipokwenda na wajukuu wangu Orphanage, mdogo wao alisimama mbele ya kizimba cha simba, akanyamaza kwa muda, kisha akaniuliza, "Babu, huyu alifanya kosa gani?" Alidhani ni jela. Naamini swali kama hilo linastahili jibu la kweli, na mzazi afadhali awe nalo kabla ya kutoka nyumbani. Nilimweleza kwamba wanyama wanaoletwa pale ni waliojeruhiwa, waliopatikana wakiwa wametelekezwa, au ambao mama zao waliuawa. Na kwamba mtoto wa simba aliyelelewa kwa mkono wa binadamu hakufundishwa kuwinda wala kumwogopa mtu, hivyo akiachiliwa atakufa kwa njaa au atasogea kwenye maboma ya mifugo. Kaka yake akataka kujua mtu anamuulia nini simba. Sikumficha. Niliwasimulia kwamba mwaka 2012 simba sita waliotoka katika Mbuga ya Nairobi waliuawa kwa mikuki huko Kitengela baada ya kuvamia mifugo, na kwamba mfugaji aliyepoteza mbuzi wake naye ana uchungu wake, maana mbuzi hao ndio karo ya watoto. Walizungumza juu ya jambo hilo njia nzima ya kurudi nyumbani, mmoja akimtetea simba, mwingine akimtetea mfugaji.

Kwenye Safari Walk, msimpite bongo, yule swala mkubwa wa msituni. Watoto humkimbilia kifaru na duma, na bongo husimama kimya kwenye kivuli na mistari yake myeupe ubavuni. Huyu ni bongo wa milimani, ambaye porini anapatikana Kenya pekee, katika misitu ya Aberdare, Mlima Kenya, Mau na Eburu, na waliobaki huko wanakadiriwa kuwa chini ya 100. Mjukuu anaweza kuja kuishi miaka mingi bila kumwona tena, kwa hiyo mpeni bongo muda wake.

Mwana wa Kisauni

Babu, shikamoo. Kwa sisi wa Mombasa safari ya Lang'ata ni ndefu, lakini msimamo wa mwanzisha mada unafaa pia kwetu Haller Park, pale Bamburi. Mahali pale palikuwa machimbo ya mawe ya kiwanda cha saruji, jangwa jeupe lisilo na udongo, hadi mwaka 1971 René Haller alipoanza kupanda miti. Mvinje ndio uliostahimili, na jongoo ndio waliosaidia kuyageuza majani yake makavu kuwa udongo. Mimi huwaokotesha watoto majani hayo na kuwaonyesha jongoo kabla hatujafika kwa twiga, kwa sababu wakishajua kwamba msitu mzima umesimama juu ya kazi ya mdudu huyo, hawamkanyagi tena. Pia wasimulieni habari ya Owen, mtoto wa kiboko aliyeokolewa Malindi baada ya tsunami ya Desemba 2004, akaletwa hapo na kuambatana na kobe mzee aliyeitwa Mzee, aliyekadiriwa kuwa na umri wa miaka 130 hivi. Nendeni alasiri, joto likipungua.

Shangazi wa Nakuru

Nimefaidika sana. Nina maswali mawili: tutafikaje bila gari, na je, kigari cha mtoto kinapita kwenye ile njia ya mbao?

Mwanzisha mada

Shangazi, ukitoka katikati ya jiji panda matatu za Ongata Rongai, namba 125 au 126, umwambie kondakta akushushe kwenye lango kuu la KWS, kabla hamjafika Bomas. Kigari kinapita, ingawa kinatikisika kwenye maungio ya mbao. Mtoto mchanga akiwa mgongoni kwa leso atalala vizuri zaidi, nawe mikono yako itakuwa huru kuwashika wakubwa. Kurudi, ondokeni kabla ya saa kumi, maana jioni magari hujazana barabarani.