Mjadala: Paa wa Sultani Darai aachwe afe, au tumponye kwa ajili ya watoto?

Wadau, naomba tulijadili hili bila kugombana. Mzazi mwenzangu kaniambia kwamba akiwasimulia wanawe hadithi ya Sultani Darai hubadili mwisho: paa anapona, bwana wake anaomba radhi, wanaishi raha mustarehe. Anasema mtoto wa miaka sita hafai kulazwa na kilio. Namwelewa, ila simuungi mkono.

Kwa msioijua, ni hadithi ya Unguja. Mmisionari Mwingereza Edward Steere aliichapisha mwaka 1870. Maskini mmoja anachakura jaani akitafuta punje za mtama, anaokota thumni, ananunua paa. Kumbe paa anasema! Anaokota almasi, anamposea bwana wake binti wa sultani huku akimwita bwana huyo Sultani Darai, anamuua nyoka wa vichwa saba ili wapate jumba la kukaa. Tunamwita paa msaidizi, lakini tazameni vizuri: akili yote ni yake, huyo bwana kazi yake ni kufuata nyuma tu.

Halafu paa anaugua. Anamtuma kizee wa mle jumbani kwa bwana, kizee anarudi, anatumwa tena. Jibu ni lile lile: mpikie uji wa mtama hafifu, kwani si nilimnunua kwa thumni? Mke ndiye anayeingiwa na huruma, anampelekea maziwa na wali kwa siri. Haisaidii. Paa anakufa kwa uchungu, anatupwa kisimani, na bwana anakuja kuzinduka yuko pale pale jaani.

Binti yangu alinikatiza hapo kwenye uji, alikuwa na miaka saba. "Mbona hakwenda mwenyewe kumwona?" Hakulia, alikasirika, tena sana. Mimi nimeisikia hadithi hii tangu utotoni na sijawahi kujiuliza hivyo; macho yangu yalikuwa kwenye chakula, yake yalikuwa kwenye ile safari fupi ambayo bwana hakutaka kwenda. Paa akipona, swali hilo linatoka wapi? Radhi ya bwana inamsafisha kabla mtoto hajapata nafasi ya kumkasirikia.

Kinachonitatiza ni mtoto aliyefiwa karibuni. Huyo nisingemsimulia kisima, nakiri. Lakini hata yeye ningemwekea hadithi hii mpaka akue, kuliko kumpa nyingine kwa jina lile lile.

Walimu wa chekechea na akina bibi mliomo humu, nyinyi mnaisimulia mpaka wapi?