Mjadala: Nani ana haki ya kufuta mistari ya Romila Thapar?

Wanajamvi, swali ninaloleta mbele yenu ni hili: je, serikali ina haki ya kuondoa katika kitabu cha shule jambo linaloshuhudiwa na maandiko ya kale, kwa sababu tu jambo hilo linawaumiza waumini wa leo, kama Wahindu wanaomtukuza ng'ombe? Msimamo wangu ni kwamba haina, na ninausimamisha juu ya maisha ya Romila Thapar, mwanahistoria wa India ya kale aliyezaliwa Lucknow mwaka 1931.

Thapar alipata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha London mwaka 1958, chini ya usimamizi wa A. L. Basham, na kitabu chake juu ya Ashoka, mfalme wa India ya kale, kikatoka mwaka 1961. Katika kitabu hicho alizisoma amri ambazo Ashoka alizichonga kwenye miamba na nguzo, akaonyesha kwamba ile dhamma, yaani mafundisho ya maadili aliyoyahubiri mfalme, haikuwa dini ya Buddha peke yake, bali ilikuwa pia njia ya kuwaunganisha raia wa lugha na madhehebu mengi chini ya dola moja. Tangu mwaka 1970 hadi 1991 alikuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Jawaharlal Nehru, jijini Delhi.

Hata hivyo, kilichomletea maadui wengi ni kitabu chembamba cha watoto wa darasa la sita alichokiandika katika miaka ya 1960. Humo alieleza kwamba katika zama za Veda, yaani maandiko matakatifu ya kale kabisa ya Wahindu, mgeni wa heshima aliandaliwa nyama ya ng'ombe, na kwamba aliyeua mtu alitoa ng'ombe 100 kwa jamaa za marehemu kama fidia. Serikali iliyoingia madarakani mwaka 1977 ilitaka vitabu vyake na vya wenzake viondolewe. Mwaka 2001, chini ya serikali nyingine, vifungu hivyo vikaamriwa vifutwe bila ridhaa ya waandishi.

Sasa tulitazame neno moja tu. Panini, mwanasarufi mkuu wa Kisanskriti, anafundisha jinsi neno goghna linavyoundwa: ni yule ambaye ng'ombe huchinjwa kwa ajili yake, na wafafanuzi wake wakasema kwamba huyo ni mgeni. Thapar hakulitunga neno hilo. Amelikuta katika lugha ya watu wenyewe, na mtoto akifichwa leo, atalikuta siku atakapojifunza sarufi hiyo.

Mchangiaji wa kwanza:

Ndugu mleta mada, nakuheshimu, lakini umeusimulia upande mmoja. Kwa miongo mingi ni Thapar na wenzake waliokuwa karibu na meza ya serikali, vitabu vyao vikawa ndivyo vya taifa zima, na wasomi waliotofautiana nao juu ya Waarya, yaani watu wa zama za Veda, au juu ya utawala wa Waislamu wakaonekana si wasomi. Ukiukubali mkono wa serikali unapokuchapishia kitabu, unaukataaje unapokifuta? Isitoshe, mtoto wa miaka 11 anayeabudu ng'ombe nyumbani kwao hana sababu ya kuumizwa darasani.

Mleta mada:

Ndugu yangu, hoja yako ya kwanza ina uzito, na siipuuzi. Kitabu kimoja kwa nchi kubwa kiasi kile ni hatari hata kinapoandikwa na msomi bora. Ila dawa yake ni kuandika kitabu cha pili na kukishindanisha na cha kwanza, kwa sababu kufuta hakuongezi sauti hata moja. Kuhusu ukaribu na serikali, kumbuka kwamba mama huyu alikataa Padma Bhushan, nishani ya serikali ya India, mara mbili, mwaka 1992 na 2005, akisema kwamba anapokea tuzo za taasisi za kitaaluma na za kazi yake tu. Mwaka 2019 chuo chake mwenyewe kilimtaka awasilishe wasifu wake ili kiamue kama aendelee kuwa profesa wa heshima, naye akakataa, akiwa na miaka 87.

Kuhusu maumivu, tuutazame mji wa Somnath, magharibi mwa India, ambako Mahmud wa Ghazni, sultani Mwislamu kutoka Afghanistan ya leo, alivamia hekalu mwaka 1026. Katika kitabu chake cha mwaka 2004 Thapar haukani uvamizi huo. Anachofanya ni kuuweka kando ya mashahidi wengine, likiwemo jiwe la mwaka 1264 lenye maandishi ya Kisanskriti. Jiwe linasema kwamba tajiri wa meli kutoka Hormuz katika Ghuba ya Uajemi, Mwislamu aitwaye Nuruddin Firuz, alipata ardhi hapo Somnath akajenga msikiti kwa kushirikiana na wakuu wa mji, wakiwemo makuhani wa Kihindu. Jina lake limetanguliwa na ufupisho wa neno lile la Kiajemi lililotupatia sisi watu wa pwani neno nahodha. Tarehe imeandikwa kwa kalenda nne, Hijra 662 ya Waislamu ikiwa kando ya Vikrama 1320 ya Wahindu.

Mtoto akifundishwa mwaka 1026 peke yake, atatoka darasani na chuki. Akifundishwa na 1264, atatoka na maswali. Kwa hiyo nakuomba, ndugu yangu, kama una andiko linalompinga Thapar juu ya goghna au juu ya jiwe hili, lilete hapa tulisome pamoja.