Simu nne za Rahma (kikundi: UKOO WA MTAMBWE)

Jumatano

20:04 Da Salma: Asalaam alaykum jamaa. Simu nne za Rahma kutoka Marekani zimeshafika kwangu Mwanakwerekwe. iPhone 14, iPhone 11, na Samsung mbili. Nimeshampata fundi wa kuzitoa loki, 40,000 kila moja. Anayetaka aandike jina hapa na hela aitume kabla ya kesho usiku. Ijumaa asubuhi zinapanda boti kuja Pemba.

20:05 Da Salma: Nasubiri.

20:31 Da Salma: Tiki za buluu kumi na moja, jibu hata moja. Haya.

20:40 Maulid Fundi: Waalaykum salaam da. Usimpe mtu hela bado. Kwanza loki ipi hiyo?

20:41 Da Salma: Loki ni loki Maulid. Nimetia laini yangu, imekataa.

20:44 Bi Zuwena: Mie yangu naifungulia kidole. Hiyo inataka nini tena?

20:49 Maulid Fundi: Shangazi, ya kidole umeifunga mwenyewe na unaifungua mwenyewe. Hii nyengine ni ya mtandao. Kule kampuni ya simu inampa mtu simu kwa mkopo, analipa kidogo kidogo miaka miwili au mitatu. Mpaka deni liishe, simu inakubali laini ya kampuni ile tu. Ukitia ya Airtel au ya Halotel haikamati. Lakini waifai inashika, kamera inapiga, WhatsApp ya waifai inakwenda, ndo maana watu wananunua wakidhani nzima. Simu iliyoanlokiwa ni ile inayokubali laini ya kampuni yoyote. Basi.

20:50 Juma Wete: Kama bwana mmoja namjua, kila laini anaipokea 😂😂

20:50 Bi Zuwena: Astaghfirullah.

20:51 Da Salma: JUMA. Tuna kazi hapa.

20:57 Maulid Fundi: Da, shika moja moja. iPhone: ingia Settings, General, About, shuka mpaka Carrier Lock. Ikiandika "No SIM restrictions" iko huru, fundi hana kazi hapo. Samsung: izime, tia laini ya hapa ambayo unajua inafanya kazi, iwashe. Ikileta kisanduku kinachotaka kodi, imefungwa. Usibahatishe namba. Majaribio yanahesabiwa, yakimalizika hata kodi ya kweli haipokelewi.

20:58 Bi Zuwena: Na simu inalipiwa kodi?

20:58 Juma Wete: Dai risiti ya mashine hapohapo shangazi 😂

20:59 Maulid Fundi: Namba ya siri shangazi, si kodi ya serikali. Kampuni nyengine inatoa namba hiyo, nyengine inafungua wenyewe kwa mbali. iPhone haiandikwi namba yoyote. Kampuni inaiambia Apple, kisha unatia laini nyengine, unaiunga na waifai, inajifungua.

21:22 Da Salma: Majibu. iPhone 11 imeandika hiyo No SIM restrictions, lakini nilipoifuta vitu vya Rahma iwe safi sasa inataka imeli na paswedi yake. Samsung nyeusi imeleta kisanduku. Ya buluu imekamata, nimepiga simu imetoka. iPhone 14 sioni pa kutilia laini, nimeizungusha pande zote.

21:30 Maulid Fundi: Huoni kwa sababu halipo. iPhone 14 za Marekani hazina tundu la laini, zinatumia eSIM, laini inayopakiwa ndani ya simu. Atakayeichukua aulize kwanza duka la mtandao wake kama wanampa eSIM. Tundu halichongwi.

21:33 Maulid Fundi: Ya 11 ni loki ya tatu sasa, ya akaunti. Si ya mtandao. Kuifuta simu hakuitoi, ndo kazi yake hiyo, kuzuia wezi. Rahma aingie iCloud kwenye kompyuta, aende Find Devices, aichague simu hiyo na aiondoe kwenye akaunti yake. Hatoi hata senti. Hebu huyo fundi 40,000 alitaka aifanye nini?

21:35 Da Salma: Kasema kwenye iPhone anapachika kitu chini ya laini.

21:39 Maulid Fundi: Nilijua. Kikadi chembamba kama karatasi kinachokaa pamoja na laini, kinaidanganya simu ione laini ya kampuni yake. Hapo haijaanlokiwa, imedanganywa. Siku ukisasisha programu, mtandao unaweza kupotea papo hapo. Ukinunua simu toa trei ya laini uangalie, ukikuta laini mbili zimebebana mrudishie mwenyewe.

21:46 Mwanakhamis: 40,000 mara nne ni 160,000. Zingekwenda wapi? Na ile friji ya msiba wa bibi iko kwa nani mpaka leo?

21:47 Da Salma: Friji imeingiaje hapa Mwanakhamis?

21:47 Mwanakhamis: Kwa mlango uleule wa michango.

21:48 Juma Wete: Friji nayo iko loki, inakubali nyumba moja tu 😂

21:53 Maulid Fundi: Jamani turudi. Hiyo nyeusi deni likiisha Rahma anaiomba kampuni yake, anawapa IMEI, namba ya utambulisho wa simu yenyewe, kwa kawaida hawatozi. Da, kwenye kila simu piga *#06#, zitatoka tarakimu 15 za IMEI. Nitumie mie peke yangu, usizianike hapa. Na kila moja utume kwa meseji 15090, linganisha jina la simu litakalorudi na simu uliyoishika. Mnakumbuka Juni 2016 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, walipozima simu feki? Zilizimwa kwa IMEI. Simu inaweza kukubali laini zote na IMEI yake ikazuiwa, kwa wizi au kwa deni lililotelekezwa.

22:40 Ami Haji: Salma.

22:44 Ami Haji: Nimesoma yote. Friji tutaizungumza nikija Unguja, si humu. Hela isikusanywe hata shilingi. Aulizwe Rahma kama simu hizi zina deni. Simu yenye deni la watu haingii nyumba hii, hata iwe ya bure.

22:45 Da Salma: Sawa ami.

Alhamisi

03:12 Rahma: Waalaykum salaam wote, nilikuwa kazini. 11 na 14 nilinunua taslimu. Ya 11 nimeshaitoa kwenye akaunti sasa hivi, izimeni muiwashe. Samsung ya buluu haina deni. Nyeusi imebaki miezi mitano 🙈

06:20 Ami Haji: Nyeusi ikae kwa Salma. Rahma aimalize kulipa.

07:02 Maulid Fundi: Na usikose hata mwezi mmoja Rahma. Wakiizuia IMEI, namba ya kufungulia haitatufaa kitu.

07:15 Da Salma: Haya. 11 imewaka vizuri. Hiyo na Samsung ya buluu zinapanda boti kesho. 14 anayeitaka aende dukani akaulize eSIM kwanza, aniletee jibu. Nani anapokea bandarini Mkoani?

07:58 Khatibu: Salaam. Ndo naingia. Niandikeni moja, 40,000 natuma kwa nani?

07:59 Juma Wete: 😂😂😂

08:30 Da Salma: Nani anapokea Mkoani?