Siku chache tu mjini, nitajuaje zawadi ninayonunua imetengenezwa kwa mkono kweli?

nasafiri_tena:
Wakuu habari zenu. Mwezi ujao nina safari ya kikazi, Istanbul siku tatu halafu Cairo siku mbili, na muda wangu wa kuzunguka madukani ni jioni tu. Nina zawadi za kupeleka, ya mama kwanza, na sitaki yanikute ya safari iliyopita. Nilinunua skafu nikaambiwa hariri tupu, imefumwa kwa mkono, muuzaji anaongea kwa hisia mpaka nikaona aibu kuomba punguzo. Nafika nyumbani nageuza ndani nakuta kijipande cha lebo kimekatwa na mkasi, imebaki "100% POL". Mama akaivaa na kushukuru vizuri tu, ila mimi kila nikiiona roho inaniuma. Mtu unatambuaje pale pale dukani?

kamba_na_uzi:
Pole sana ndugu, umeingizwa mjini kama wengi wetu. Mimi nashona, kwa hiyo nakwambia ninachokijua. Omba uzi mmoja tu wa pembeni, toka nje uuchome na kiberiti. Hariri ya kweli inanuka kama nywele zinaungua na majivu yake ukiyabana yanasagika, poliesta inayeyuka, inanuka plastiki na inaacha kidonge kigumu. Muuzaji akikasirika kwa uzi mmoja achana naye.

Na kama utatazama mazulia Istanbul, usiangalie juu, geuza. La mkono ua linaonekana nyuma karibu sawasawa na mbele, mafundo unayaona moja moja na hayalingani sana, na zile nyuzi zinazoning'inia mwishoni ni mwendelezo wa zulia lenyewe. Ukikuta zimeshonewa juu kama pindo la pazia, hiyo ni mashine, hata akuapie.

mzee wa transiti:
Nikuongezee mkuu, shida kubwa sio kutambua, ni sehemu tunayonunulia. Tunaishia maduka ya mlangoni pa kivutio ambako vitu vyote vinafanana, ukivuka bara unavikuta vilevile vimebadilishwa jina la mji tu. Mimi siku hizi natafuta ninapomwona fundi kazini. Cairo usiishie soko la Khan el-Khalili wanakojaa watalii, tembea uende Bab Zuweila, ukivuka lile lango la zamani unaingia mtaa wa Khayamiya, mtaa wa mafundi wa mahema. Wanaume watu wazima wamekaa juu ya vibaraza vya duka, kitambaa magotini, wanakata vipande vya rangi wanavikunja pembe kwa ncha ya sindano na kuvishonea juu ya kingine, ua baada ya ua. Nilisimama pale karibu saa nzima na hakuna aliyenivuta mkono. Foronya ya mto kutoka pale mama ataipenda na haijazi begi.

Karatasi za mafunjo (papyrus) nazo uwe makini, feki nyingi ni za majani ya mgomba. Inua karatasi kwenye mwanga, ya kweli unaona vipande vimepishana wima na mlalo. Na Istanbul lile soko kubwa la ndani, Grand Bazaar, lina maduka yanayokadiriwa 4,000 ila Jumapili linafungwa, usije ukapanga siku hiyo.

mama_begi_moja:
Jamani msisahau njia ya kurudi, huko ndiko watu wanalilia. Manukato na mafuta ukiweka begi la mkononi kila chupa isizidi mililita 100, viwanja vingi bado ni hivyo, nimeshaona dada ananyang'anywa chupa nzuri na machozi juu. Pembe za ndovu, gamba la kasa, usiguse hata kama ni kipini kidogo na hata kama muuzaji anasema ni cha zamani, mkataba wa CITES, ule wa kimataifa unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, unafanya kazi tangu 1975 na forodha wakikukuta nacho hawana mchezo. Uturuki vitu vya kale kuvitoa nchini ni kosa kubwa, kwa hiyo ukiambiwa sarafu au kigae kimefukuliwa mahali, ondoka. Risiti zote tunza, na ukitaka kurudishiwa kodi waulize dukani kabla hujalipa, maana fomu wanajaza wao, na pale uwanjani mzigo uwe bado mkononi, ukishapelekwa kwenye ndege huna cha kuwaonyesha.

nasafiri_tena:
Asanteni sana, kweli mmenitoa gizani. Nimeshaamua ya mama natoa Khayamiya. Mzee wa transiti, jioni nikitoka kazini kama saa kumi na mbili nitawakuta mafundi bado wanashona?

mzee wa transiti:
Mimi nilienda mchana, kwa hiyo hiyo saa siwezi kukuhakikishia. Waulize hotelini siku unayofika. Ukiweza iba hata saa moja mchana, mwanga ukiwepo unaiona mishono vizuri, na geuza foronya uangalie nyuma kama alivyosema kamba_na_uzi.