Plasta inabambuka Malindi: tupige saruji au chokaa?

Mjukuu wa Malindi:
Assalaam alaykum ndugu zangu. Nyumba ya bibi yetu hapa Malindi, Mji Mkongwe wa Zanzibar, ghorofa mbili, ukuta wa chini unatoa chumvi na kila masika plasta inabambuka. Fundi anataka tupige saruji nzito. Moyo wangu unakataa.

Mwaka jana dada yangu alinipeleka Stratford-upon-Avon, mji wa soko kule Uingereza. Barabara ya High Street ipo Harvard House, aliyoijenga Thomas Rogers, muuza nyama. Mbele yote ni mbao za kuchongwa, na mwaka umechongwa humo humo: TR 1596 AR, yeye na mkewe Alice. Nilisimama nikaukumbuka mlango wa bibi, na minyororo yake ya kuchongwa pembeni. (Mjukuu wake Rogers ndiye John Harvard, ambaye Chuo Kikuu cha Harvard cha Marekani kimepewa jina lake.) Nyumba ile imewekwa daraja la juu kabisa la ulinzi, huigusi bila ruhusa. Nasi yetu tuizike kwenye saruji?

Fundi Chokaa:
Waalaykum salaam. Msipige saruji! Ile ya Waingereza mbao za mwaloni ndizo zinazobeba, ukuta unaziba nafasi tu. Yenu ukuta ndio unaobeba: jiwe la matumbawe, udongo na chokaa. Unakunywa maji ya ardhini na kuyatoa kwa hewa. Mkiuziba, maji yanapanda mpaka kwenye vichwa vya boriti za mkoko zinazobeba sakafu, mkoko unaoza, sakafu inashuka. Bambueni mpaka jiwe, uacheni ukuta ukauke taratibu, kisha chokaa iliyolowekwa vizuri na mchanga usio wa pwani, tabaka nyembamba nyembamba.

Mama Shangani:
Mwanangu, kwanza nenda Mamlaka ya Mji Mkongwe ukachukue kibali. Na msithubutu kuvunja ukuta wa kati ili mpate chumba kikubwa. Vyumba vyetu ni vyembamba kwa sababu boriti ina urefu wake. Tazameni na paa, linavuja wapi. Beit al-Ajaib, lile jumba la kale la hapa Mji Mkongwe, ilipoanguka upande mmoja Desemba 2020 nililia kama nimefiwa.

Mjukuu wa Malindi:
Ahsante mama, ahsante fundi. Kesho namwambia asilete mifuko ya saruji, na Jumatatu naenda kuomba kibali. Nani anajua wanakouza chokaa iliyokaa shimoni muda mrefu?